Kilometa ya Thelathini na Moja

Ofisini kwetu kila mtu alimwita Shangazi, hata Mkurugenzi ambaye alimzidi umri. Jina lililetwa na mpwa wake aliyefanya kazi nasi miezi mitano akaacha. Mpwa aliondoka, jina likabaki, na mimi niliyekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwita vinginevyo.

Kazi yake ilikuwa kuchora njia za mabomba. Mtu akidhani ni mabomba ya maji hakukasirika. Alimvutia kiti akamweleza.

"Kiwanda cha saruji kinachoma mawe," alikuwa akisema, "na mawe yakiungua yanatoa hewa ya ukaa. Ni ile ile unayoitoa puani, ile ile iliyomo kwenye soda. Zamani ilipitia kwenye dohani ikaenda zake juu. Sasa tunaikamata, tunaishindilia mpaka inakuwa kama maji, tunaipitisha kwenye bomba, halafu tunaizika chini kabisa, zaidi ya kilometa moja, kwenye mwamba wenye vitundu kama mkate. Juu yake kuna mwamba mwingine mgumu wa kuufunika. Kwa hiyo mimi ni mchimba kaburi tu, ila maiti wangu ni gesi."

Watu walicheka, na wakishacheka walikuwa wameelewa. Mimi ni mpimaji wa ardhi, mtu wa tumbo kidogo na maneno mengi, na nimejaribu kueleza jambo hilo hilo kwa mama mkwe wangu mara nne. Mpaka leo anaamini nauza mitungi ya gesi.

Mradi ninaousimulia ulikuwa wa viwanda vitatu: cha saruji, cha mbolea na cha chuma. Kila kimoja kingekuwa na bomba lake dogo, na yote matatu yangeungana kwenye bomba kuu la kilometa arobaini na sita kuelekea kwenye visima vya kuzikia. Shangazi alitandaza ramani kwenye meza kubwa, akachomeka pini, akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye kopo la cherehani la marehemu mama yake. Kompyuta tulikuwa nazo, nzuri tu, na alizitumia kuliko sisi wote. Lakini alisema kompyuta haimwonyeshi mtu pale uzi unapolegea.

Alibishana na Mkurugenzi wiki mbili nzima juu ya unene wa bomba kuu. Mkurugenzi alitaka bomba la kuvitosha viwanda vitatu. Shangazi alitaka nene zaidi, kwa ajili ya viwanda ambavyo bado havijajengwa.

"Mtoto hanunuliwi kiatu cha mguu wa leo," alimwambia.

"Na akianguka kwa sababu kiatu kinapwaya?"

"Utaweka pamba kwa mbele. Mabomba mawili sambamba ndiyo yatakuangusha."

Alishinda, kama kawaida yake.

Sasa nifike kwenye kanuni yake, maana ndiyo iliyonitia matatani. Shangazi hakutia sahihi mstari wowote ambao haujatembewa kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Si kwa gari, si kwa picha za angani. Kwa miguu. Nyumbani kwake, nyuma ya mlango, palikuwa na safu ya viatu vilivyokwisha soli, kila jozi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la njia iliyoimaliza. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye sote tulimwita Shemeji, aliwaambia wageni, "Wenzangu walioa mke. Mimi nilioa miguu, mke huja jioni."

Katika kutembea huko alibeba daftari la kawaida la shule lililofungwa nailoni, tukaliita daftari la miguu. Kila kilometa ilipewa mstari mmoja, na mstari huo ulipaswa kutaja kitu kimoja ambacho ramani haikijui. Kilometa ya saba: mbuzi mweupe amefungwa kwenye nguzo ya umeme. Kilometa ya kumi na nane: harufu ya mkate, haijulikani inatoka wapi. Mkurugenzi aliona ni mchezo wa kitoto. Shangazi alimjibu kuwa "nimekagua, hali ni nzuri" huandikwa hata mtu akiwa kitandani, lakini mbuzi mweupe haandikwi kitandani.

Kwa hilo alikosea. Mbuzi mweupe anaandikika kitandani vizuri sana, na aliyelithibitisha ni mimi.

Mwaka ule goti la Shangazi lilikataa. Daktari alimpasua, akamwambia akae nyumbani wiki sita, na njia ya bomba kuu ilikuwa haijatembewa. Aliniita kwake. Mguu wake ulikuwa umeinuliwa juu ya mito miwili, Shemeji anamenya machungwa. Akanipa daftari.

"Sijawahi kumpa mtu," alisema. "Nakupa wewe kwa sababu una macho. Wengine wana miguu tu."

Niliona fahari, sifichi. Nilikwenda na pikipiki ya ofisi, nikawa naiegesha, natembea kipande, narudi kuifuata, nasogea. Siku tatu nilifanya kazi kama mtu mzima. Siku ya nne, nilipomaliza kilometa ya ishirini na nane, mvua ikashuka. Haikuwa ya mchezo. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Ukiinua mguu, kiatu kinabaki. Mbele yangu zilikuwa kilometa nne za mashamba tambarare, na ramani ilionyesha utambarare mtupu, hata kichuguu hakuna. Barabara ya lami ilizunguka kando na kukutana na mstari wetu kwenye thelathini na tatu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya lami kabisa. Nilipanda pikipiki, nikazunguka, nikakaa kwenye kibaraza cha duka nikiwa na chai, nikaandika mistari minne bila kusimama. Ishirini na tisa: kisiki kina siafu. Thelathini: mama anaanika shuka la bluu. Thelathini na moja: bata dume anamfukuza mbwa. Thelathini na mbili: jiwe lililokaa kama kiti. Kisha mvua ilikatika, nikaendelea kutembea mpaka visimani kwa uaminifu wote, kana kwamba uaminifu wa baadaye unaweza kulipia uliokosekana nyuma.

Shangazi alipolipata daftari alilisoma kwa sauti, Shemeji akisikiliza. Alipofika kwenye bata alicheka mpaka akashika goti.

"Dume?" aliuliza. "Ulijuaje kama ni dume?"

"Kwa tabia," nikasema.

Alicheka upya. Bata yule akawa wake. Alimsimulia daktari, akamsimulia Mkurugenzi kwa simu, na aliporudi ofisini na mkongojo wake alikuta tayari katibu muhtasi amechora bata kwenye ubao. "Nikipona," aliniambia, "utanipeleka nikamwone." Nilimweleza mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na wagonjwa wa kujitakia. Akasema, "Mwambie kesho." Nikamjibu kwamba mambo yamekwenda mbali. Akasema, "Yamekwenda mbali kuliko wewe ulivyokwenda," akazima taa.

Kesho ile haikufika. Shangazi alitia sahihi, na ilibaki Mkurugenzi na bodi kuipitisha njia siku ya Ijumaa. Ikishapitishwa, mabomba yanaagizwa na mstari haurudi nyuma.

Jumanne ya wiki hiyo tulikutana na wakazi wa njiani, ndani ya ukumbi wa shule. Shangazi alipanga mishumaa mitatu ndani ya beseni refu la kioo, mmoja chini, mmoja juu ya kopo, mmoja juu ya makopo mawili. Akachanganya siki na magadi ndani ya jagi, povu likapanda. Aliinamisha jagi taratibu juu ya ukingo wa beseni, akihakikisha hakuna hata tone linalodondoka. Mshumaa wa chini ukazimika. Halafu wa kati.

"Sikuja kuwadanganya," alisema. "Gesi hii si sumu kama mnavyoijua sumu, na haiwaki moto. Lakini ni nzito kuliko hewa mnayovuta. Bomba likipasuka inatambaa chini, inatafuta bonde, na aliye bondeni anakosa pumzi. Ndiyo maana tunaweka vali za kufunga njia, na ndiyo maana mimi hukwepa mabonde. Njia hii haina bonde lenye watu hata moja. Imetembewa."

Nilikuwa safu ya pili. Nilitazama viatu vyangu.

Mama mmoja akasimama kwa nyuma, mikono myekundu kwa udongo hadi kwenye viwiko. "Mimi nafyatua matofali," alisema. "Huo mshumaa wa chini ndio sisi."

"Mnakaa wapi, dada?"

"Shimoni. Tulianza kuchimba udongo miaka mitano iliyopita. Shimo limekuwa kubwa, tukahamia humo humo na tanuri zetu, maana upepo hautusumbui. Familia ishirini na sita. Vile vigingi vyenu vyekundu, kimoja kiko juu kabisa ya ukingo wetu. Kimeandikwa thelathini na moja."

Vigingi viliwekwa na kikosi kingine kwa kufuata mashine inayosoma setelaiti, na wale hutazama mashine. Ramani yetu ilitokana na picha za miaka sita nyuma. Shimo halikuwemo kwa sababu siku ya picha lilikuwa halijachimbwa. Hakuna kompyuta ambayo ingelijua. Mtu wa miguu angelijua kwa kutumbukia.

Shangazi alifungua daftari. Alilifungua polepole, akaweka kidole. "Hapa," alisema, "kuna bata."

"Bata?" Yule mama alishangaa kwa dhati. "Sisi hatuna bata, mama. Bata atakunywa nini kule?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alinitazama mara moja tu, muda wa kupepesa, akawageukia watu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilitia sahihi mstari ambao sikuutembea. Mstari huu hautapita hapo. Keshokutwa nitawaletea mwingine."

Nilikaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na miguu miwili mizima na mdomo ambao haujawahi kunisaliti, na nilikaa. Mwanamke mwenye mkongojo alisimama mbele ya watu mia mbili akabeba mzigo wangu, nami nikakunja mabega kama mtu anayesikia baridi.

Ndani ya gari alilisoma daftari upya mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Shuka la bluu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Siku ile mvua ilinyesha hadi kwangu, Shemeji wako akakimbilia nguo. Nani anaanika shuka mvuani? Nilisoma kwa sauti yangu mwenyewe na sikuona. Bata wako alinicheka usoni, mimi nikamcheka na kumwachia apite." Akatazama nje dirishani. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Vaa viatu vya maana."

Kilometa zile nne tulizitembea kwa muda wa saa tano nzima. Daktari angetuua. Shangazi alikwenda kwa hatua na mkongojo, hatua na mkongojo, mimi nikibeba maji, kiti cha kukunja, na aibu, ambayo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote. Aliandika mistari yake bila kunionyesha. Alipumzika kila nusu kilometa na kuimba vibaya. Sikumwelewa. Nilitarajia matusi, nikapata nyimbo.

Tulipofika kwenye kigingi cha thelathini na moja, ardhi ikaisha. Hatua mbili mbele ya kigingi palikuwa na shimo la upana wa kiwanja cha mpira, kina cha watu watatu kusimamiana mabegani. Chini kulikuwa na tanuri sita, kamba za nguo, na watoto waliokuwa wakigeuza matofali mabichi yakauke upande wa pili. Mmoja wao aliinua kichwa akanipungia mkono. Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, sawasawa na binti yangu mwezi ule.

Mama wa matofali alikuja kumpokea Shangazi, wakashuka taratibu kwa ngazi za udongo, wakaanza kuhesabu kaya. Mimi nilisema nakagua kigingi. Nilikwenda nyuma ya rundo la matofali lililokuwa pale juu, nikalia. Sikulia vizuri kama watu wa kwenye hadithi. Nililia kwa kamasi. Niliona mshumaa wa chini ukizimika. Kisha nikajifuta kwa mkono wa shati, nikashuka, nikasema vumbi la pale ni kali.

"Ni kali," Shangazi alikubali.

Alhamisi alirudi kwa wakazi kama alivyoahidi, na uzi wake mwekundu tayari umevushwa juu ya mgongo wa kilima cha kaskazini. Sasa bomba lingekuwa upande wa pili wa kilima, mteremko wake ukielekea kwenye makorongo yasiyokaliwa na mtu. Njia iliongezeka kilometa mbili na vali moja. Kipande hicho kipya tulikitembea jana yake, tulipotoka shimoni.

Ijumaa Mkurugenzi alikunja uso tangu mlangoni. Bodi ilikuwa imeahidiwa njia ile ya kwanza.

"Shangazi," alisema, "miaka yote hii unatuhubiria miguu. Leo unatuambia ulitia sahihi kilometa nne ambazo hazijakanyagwa? Nani alizitembea?"

Shangazi alikuwa akimimina maji kwenye glasi. Aliendelea kumimina. Hakunitazama, na nadhani angenitazama ningenyamaza, kwa ukaidi tu.

"Hakuna aliyezitembea," nikasema, nikasimama. "Nilitumwa mimi. Mvua ilinyesha, nikapita na pikipiki barabarani, nikatunga mistari minne. Bata ni wangu. Na Jumanne niliposikia anasema kosa ni lake, nilikuwepo, nikanyamaza."

Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza bata gani, akanyamazishwa na mwenzake.

Nilijua nafukuzwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua nilivuta pumzi hadi chini. Mkurugenzi alitoka na Shangazi kwenye ujia. Waliporudi, njia mpya ilipitishwa, na hukumu yangu ikasomwa: barua ya onyo kwenye faili, na pikipiki ya ofisi marufuku kwangu mwaka mzima. Nilitembea mwaka ule kuliko posta. Nilipungua tumbo mpaka mke wangu akaanza kunikagua mifuko.

Mafundi na wafyatua matofali walinipa jina la Bata, na ninaitika. Mama wa matofali aliponiona tena alinionyesha mfuniko wa sufuria uliojaa maji pembeni mwa shimo. "Tumemwekea," alisema, "akija asikose cha kunywa."

Bomba lilizikwa, likajaribiwa, likafunguliwa. Viwanda vitatu vikawa vinne, na unene ule ukatosha. Shangazi alistaafu mwaka jana. Alifanya sherehe fupi, akamtania Mkurugenzi juu ya kiatu na pamba, akaondoka mapema kwa sababu Shemeji alikuwa ameacha jiko linawaka. Goti lake sasa ni zuri kuliko langu.

Mezani kwangu aliacha daftari la miguu, ndani ya nailoni yake. Nilikuwa sijalifungua tangu kesi ile. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumuuliza: kwa nini kati ya Jumanne na Ijumaa hakunishtaki kwa mtu yeyote, wala kuniambia nijishtaki. Nilifungua ukurasa wa Jumatano ile tuliyotembea wawili. Mwandiko ulikuwa umepinda, wa mtu anayeandika amesimama na mkongojo kwapani.

Kilometa ya ishirini na tisa: hakuna kisiki. Ya thelathini: hakuna shuka, kuna punda wawili. Halafu:

Kilometa ya thelathini na moja: mpimaji amejificha nyuma ya matofali, analia. Ijumaa atasema mwenyewe.

Nilikaa na daftari lile mpaka msafishaji akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia vumbi la ofisi hii ni kali. Kesho yake nilivaa viatu, maana kuna kiwanda cha tano kinataka kuunganishwa, na njia yake ni kilometa kumi na tisa.